Filamu Bora Kuliko Zote: Nani Alisema, na Alimaanisha Nini?

Desemba 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilitangaza matokeo ya kura ya wahakiki ya filamu bora kuliko zote, inayopigwa kila miaka kumi. Juu kabisa ilikaa Jeanne Dielman ya mwaka 1975, kazi ya mwongozaji wa Ubelgiji Chantal Akerman, ambamo kwa zaidi ya saa tatu tunamtazama mama mjane akimenya viazi, akipanga nyumba na kupokea wanaume wanaomlipa. Vertigo ya Alfred Hitchcock, iliyoongoza mwaka 2012, ikashuka nafasi moja. Citizen Kane ya Orson Welles, iliyokalia kiti hicho kwa nusu karne kabla ya hapo, ikawa ya tatu. Mitandaoni moto ukawaka. Wapo waliosema wahakiki wamelewa siasa. Wapo pia waliouliza swali la haki kabisa: hiyo Citizen Kane niliitafuta nikaitazama, nusu saa haijaisha nimeshasinzia, sasa mbovu ni nani, mimi au hao wahakiki?

Hakuna mbovu. Watu huisoma orodha ya namna hii kama ushauri wa nini cha kutazama Jumamosi usiku, kumbe ni kumbukumbu ya mabishano ya wahakiki. Na mabishano hayo mara nyingi yameamuliwa na mambo yaliyo nje kabisa ya filamu zenyewe: mahakama, hakimiliki, televisheni, hata hati ambayo mtu alisahau kuihuisha.

Tuanze na maana. Mtu akisema Hollywood ya kale, au enzi ya studio, anazungumzia kipindi kinachoanzia pale filamu zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni tano zilishika usukani: MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO. Zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zikamiliki kumbi kubwa zilikoonyeshwa. Mwigizaji alifungwa kwa mkataba, kwa kawaida wa miaka saba. Mwandishi, fundi taa na mshona mavazi walikuwa waajiriwa wa mshahara. Mwenye ukumbi wa kujitegemea akitaka filamu yenye nyota anayependwa, alilazimishwa kuchukua na nyingine kadhaa, pengine hata kabla hazijapigwa. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliona huu ni ukiritimba, na kampuni zikaanza kulazimika kuziachia kumbi zao. Televisheni nayo ikaingia sebuleni, na mfumo mzima ukaanza kulegea.

Kwa hiyo filamu ya enzi hiyo haikuwa kazi ya msanii mmoja aliyejifungia na ndoto yake. Ilitoka kwenye karakana. Casablanca, kwa mfano, ilipigwa mwaka 1942 ndani ya studio za Warner Bros. huko California, si Moroko. Ilitokana na mchezo wa kuigiza ambao haukuwa umewahi kupanda jukwaani, ikapita mikononi mwa waandishi kadhaa, huku mwongozaji Michael Curtiz akiipiga kurasa nyingine zikiwa bado zinaandikwa. Sentensi yake ya mwisho, ile ya kuanza kwa urafiki, ilitungwa na mtayarishaji Hal Wallis na kuongezwa baada ya kazi ya kamera kumalizika. Mimi naiona ndiyo hoja bora ya kuitetea karakana ile: hakuna hata mmoja kati ya wale watu ambaye angeweza kuitengeneza peke yake. (Na kwa wanaopenda kuinukuu kwa "Play it again, Sam", yaani "Ipige tena, Sam": sentensi hiyo haimo. Itafute uone.)

Kanuni ambazo serikali haikuzitunga

Jambo la pili linalochanganya ni maadili. Mtazamaji wa leo anaona mke na mume wanalala vitanda viwili, mhalifu lazima akamatwe au afe, busu linakatwa kabla halijakolea, naye anahitimisha kwamba serikali ya Marekani ilikuwa ikizikagua filamu kama wakaguzi wa dola. Sivyo. Baadhi ya majimbo na miji ilikuwa na bodi zake za ukaguzi, ni kweli, lakini kanuni maarufu zinazoitwa za Hays, kwa jina la Will Hays aliyeongoza chama cha kampuni za filamu, zilipitishwa na kampuni zenyewe mwaka 1930, zikaanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen, msimamizi aliyewekwa na chama hicho. Kampuni ziliogopa mambo mawili: bodi hizo kuzidi, na Wakatoliki waliokuwa wakitangaza kuzisusia sinema. Zikaona heri kujifunga kamba zenyewe. Kanuni zilidumu hadi 1968, zilipobadilishwa na mfumo wa madaraja ya umri.

Ubaya wake ulikuwa mkubwa. Zilikataza, kwa maandishi, kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mweupe. Lakini zilizaa pia ujanja ambao wahakiki wanaupenda hadi leo. Katika Notorious ya 1946, kwa kuwa busu refu lilikatazwa, Hitchcock aliwafanya Cary Grant na Ingrid Bergman wabusiane kidogo, waachane, wanong'onezane habari za kupika kuku, wabusiane tena, huku wakitembea kutoka roshani hadi kwenye simu bila kuachiana. Kila busu ni fupi. Onyesho zima linapita dakika mbili na lina joto kuliko mengi yaliyopigwa baada ya kanuni kufutwa. Double Indemnity ya Billy Wilder, ya 1944, ilijua kwamba muuaji hawezi kuruhusiwa kuponyoka, basi ikaanza na muuaji mwenyewe akikiri. Tukishajua atanaswa, tunabaki kutazama namna anavyojinasa. Hata mwisho wa Casablanca unaosifiwa kwa uchungu wake usingekuwa mwepesi kuandikwa vinginevyo: mke wa mtu kumwacha mume na kuondoka na mpenzi wake kusingempitia Breen.

Kuhusu rangi za picha nitasema kwa ufupi. Si kweli kwamba filamu zile ni nyeusi na nyeupe kwa sababu rangi ilikuwa haijavumbuliwa. Gone with the Wind na The Wizard of Oz ni za 1939 na zina rangi za kutosha. The African Queen, ambayo John Huston aliipiga Uganda na katika Kongo ya Wabelgiji, ni ya rangi na ni ya 1951. Psycho ya Hitchcock ni ya 1960 na ni nyeusi na nyeupe, kwa hiari ya mwongozaji. Rangi ilikuwa ghali, na iliwekewa akiba kwa hadithi za kihistoria, muziki na safari za mbali. Tamthilia nzito na hadithi za uhalifu zilibaki na vivuli. Hadi katikati ya miaka ya 1960 tuzo za Oscar zilikuwa na zawadi mbili tofauti za upigaji picha, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu zilihesabiwa kuwa fani mbili.

Na anayedai filamu za zamani zinakwenda polepole aitafute His Girl Friday ya Howard Hawks, 1940. Waigizaji wanaongea juu ya maneno ya wenzao kwa kasi ambayo hata msomaji wa maandishi ya chini ya skrini atatoka jasho.

Wahakiki wa aina mbili

Sasa wahakiki wenyewe. Tunawaita kwa jina moja, lakini wanafanya kazi mbili. Yule wa gazeti la kila siku huandika usiku wa onyesho la kwanza, na kazi yake ni kumwambia msomaji kama fedha ya tiketi itakuwa imekwenda bure. Yule wa pili huandika baada ya miaka mitano au thelathini, akiwa ameitazama filamu mara nyingi, na swali lake ni jingine: hii kitu inafanyaje kazi, na mbona bado haitutoki? Orodha kubwa zinaendeshwa zaidi na fikra za wa pili. Ndiyo maana zinapishana na makofi ya siku ya kwanza, na zinapishana pia na Oscar, ambazo hutolewa na watu wa tasnia kwa wenzao. Hitchcock aliteuliwa mara tano kuwania Oscar ya mwongozaji bora, hakuipata hata moja. The Searchers ya John Ford, 1956, ambayo leo iko katika kila mjadala wa filamu za magharibi ya Marekani, haikuteuliwa kuwania chochote.

Ni kosa vilevile kudhani kwamba kila filamu kubwa ilidharauliwa kwanza na kugunduliwa baadaye. Watu wanapenda kisa cha gwiji aliyekataliwa, na Citizen Kane ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ilipotoka mwaka 1941, Welles akiwa na miaka 25, wahakiki wengi waliisifu sana, na wahakiki wa New York wakaipa tuzo ya filamu bora ya mwaka. Kilichoiangusha ni biashara. Tajiri wa magazeti William Randolph Hearst aliona mhusika mkuu ni yeye aliyebadilishwa jina, akazuia magazeti yake yasiitaje, na wenye kumbi wengi wakaogopa. Iliteuliwa kuwania Oscar tisa, ikapata moja, ya mswada. Filamu bora ikawa How Green Was My Valley ya John Ford. Kisha Citizen Kane ikapotea machoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha ikaonyeshwa Paris mwaka 1946, na huko mhakiki André Bazin akaikamata na kuieleza kwa namna ambayo bado inafundishwa.

Aliona nini? Chukua onyesho moja. Mama yuko mbele yetu, anatia saini hati ya kumkabidhi mwanawe kwa benki. Baba amesimama katikati ya chumba akilalamika. Nyuma kabisa, kupitia dirishani, mtoto anacheza na theluji, mdogo kama kidole, akipiga kelele za furaha bila kujua kwamba maisha yake yanauzwa. Wote watatu wanaonekana wazi kwa wakati mmoja. Filamu ya kawaida ya siku hizo ingekata: uso wa mama, uso wa baba, mtoto. Hapa mpiga picha Gregg Toland amepanga taa na lenzi ili jicho lako lenyewe lichague pa kwenda. Hoja ya Bazin ni kwamba mtazamaji anaachiwa uhuru, na pamoja na uhuru anaachiwa maumivu. Mtu akielezwa hivyo anaweza bado kusinzia, ni haki yake, lakini atakuwa anajua amesinzia mbele ya nini. Nyongeza yangu ni hii: mbinu nyingi za filamu ile zimeigwa mno kiasi kwamba leo hazimshtui mtu. Anayeiona kwa mara ya kwanza anaiona baada ya kuwaona wajukuu wa filamu hiyo.

Vijana waliokuwa wakimzunguka Bazin katika jarida la Cahiers du cinéma, lililoanzishwa mwaka 1951, akina François Truffaut na Jean-Luc Godard, walikwenda mbali zaidi. Walidai kwamba hata ndani ya karakana ya Hollywood, mwongozaji mwenye kipaji huacha alama yake, iwe filamu ni ya kijambazi, ya vichekesho au ya farasi. Kwa hiyo usimpime kwa filamu moja, msome kwa kazi zake zote. Mmarekani Andrew Sarris aliivusha hoja hiyo hadi kwao mwaka 1962, na mwaka uliofuata Pauline Kael akamjibu kwa makala kali, akiuliza kama alama ya mwongozaji ikijirudia katika filamu mbaya ndiyo inazifanya nzuri. Nampa Kael ushindi katika sentensi nyingi, lakini Sarris ndiye aliyeshinda historia. Leo kila mtu anasema "filamu ya Hitchcock," hakuna anayesema "filamu ya Paramount."

Hapa ndipo Tanganyika inapoingia, na si kwa kulazimisha. Hawks, mmoja wa waongozaji walioabudiwa na vijana wale wa Paris, alikuja Arusha na John Wayne na kupiga Hatari!, iliyotoka 1962. Haina kisa cha kuzungumzia: kundi la watu wanakamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, jioni wanakunywa, asubuhi wanarudi porini. Magazeti mengi yaliiona ni burudani ndefu kupita kiasi. Godard aliweka bango lake ndani ya filamu yake mwenyewe, Le Mépris, mwaka uliofuata. Kwake hiyo ilikuwa Hawks mtupu: watu wanaojua kazi yao, mgeni anayepaswa kuthibitisha kuwa anaweza, urafiki unaojengwa kazini. Nakubaliana naye kuhusu maonyesho ya kuwafukuza vifaru, ambamo waigizaji wenyewe wako juu ya magari na mnyama ni mnyama kweli. Sikubaliani naye kuhusu yaliyobaki. Nchi imepata uhuru Desemba 1961, filamu inatoka miezi michache baadaye, imebeba jina la Kiswahili, na wenyeji wamewekwa pembeni kama sehemu ya mandhari. Mhakiki wa Paris hakuwa na sababu ya kuliona hilo. Mtazamaji wa Meru hawezi kutoliona. Tofauti hiyo ya macho ndiyo inayopindua orodha pale wapiga kura wanapobadilika.

Kura zinavyohesabiwa

Utaratibu wa Sight and Sound ni rahisi: kila mhakiki anataja filamu kumi, kila moja inapata kura moja, iwe ameiandika ya kwanza au ya kumi. Waulize watu mia moja wataje vyakula kumi visivyopaswa kukosekana harusini. Pilau itashinda, na pengine hakuna hata mmoja kati yao aipendaye kuliko vyote. Imeshinda kwa kuwa haikumtoka mtu akilini. Mwaka 2012 walipiga kura wahakiki 846. Vertigo ilishinda kwa kura 191. Maana yake zaidi ya watatu katika kila wanne hawakuitaja kabisa katika kumi zao. Mwaka 2022 wapiga kura walipita 1,600, kutoka nchi nyingi zaidi, na ushindi ukahama. Hakukuhitajika njama.

Utaratibu huo huo unamwadhibu mwongozaji mwenye filamu nyingi nzuri. Anayempenda Hawks atachagua His Girl Friday, mwenzake Rio Bravo, wa tatu The Big Sleep, kura zinatawanyika. Welles, ambaye kila mtu anamkumbuka kwanza kwa kazi moja, hana shida hiyo.

Tena kuna suala la nani aliweza kuiona filamu, na lini. Vertigo ilipokewa kwa baridi mwaka 1958. Baadaye Hitchcock alimiliki haki zake pamoja na za filamu nyingine nne, na kwa takriban miaka kumi zote tano ziliondolewa katika mzunguko, hadi ziliporudishwa kumbini mwaka 1983 na 1984, yeye akiwa ameshafariki. Angalia kichekesho chake: iliingia kumi bora za kura mwaka 1982, wakati ambapo ilikuwa haipatikani kwa njia za kawaida. Adimu huongezewa utamu. It's a Wonderful Life ya Frank Capra ilipita njia ya kinyume. Ya 1946 hiyo, haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vikagundua vinaweza kuirusha bure, vikairusha kila Krismasi mara zisizohesabika, na kizazi kizima cha Wamarekani kikakua kikiijua kwa moyo. Ndipo wahakiki wakaitazama upya.

Kuna wanaodhani kwamba kuzikosoa filamu hizi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliomo ni mtindo wa juzi, ulioanza pale HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, ilipoiondoa Gone with the Wind kwa muda Juni 2020 na kuirudisha ikiwa na utangulizi wa Profesa Jacqueline Stewart. Hapana. Wamarekani weusi waliipinga ilipotoka. Wengi wa wahakiki wa magazeti makubwa wakati huo walikuwa weupe, wakaandika kuhusu ukubwa wa mandhari na moto wa Atlanta, na sauti zile nyingine hazikuingia kwenye kumbukumbu rasmi. Hattie McDaniel, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar kwa filamu hiyo hiyo, hakuwepo kwenye onyesho la kwanza mjini Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi, na usiku wa kupokea tuzo mwaka 1940 alikalishwa meza ya pembeni. Filamu ile naiona ni ya lazima kwa anayetaka kuelewa jinsi Marekani ilivyopenda kujidanganya kuhusu utumwa, na ni ya kuchosha katika nusu yake ya pili. Mambo hayo mawili hayapingani.

Ukitaka kuanza, usianze na Citizen Kane, na Vertigo iache kwanza. Saa yake ya mwanzo, ya mpelelezi kumfuata mwanamke kwa gari, inalipa tu kwa aliyekwisha kumzoea Hitchcock. Anza na Double Indemnity, kisha Casablanca, kisha Rear Window ya 1954, ambayo kwangu inaishinda Vertigo kwa kila kipimo isipokuwa huzuni. Singin' in the Rain ya 1952 itakueleza, kwa vicheko, jinsi sauti ilivyoivuruga Hollywood. Ukishazoea namna watu wale wanavyosema na kusimama, rudi kwa Kane, na uangalie lile dirisha lenye theluji. Tahadhari moja tu: miaka ya 1980 mfanyabiashara Ted Turner alianza kupaka rangi filamu za zamani kwa kompyuta, Casablanca ikiwamo, na nakala za aina hiyo bado zinazunguka. Ukikuta uso wa Ingrid Bergman una rangi ya karoti, hiyo siyo. Tafuta nakala nyingine.